Picha za Zamani na Majina Yake

(Maneno haya yalisemwa redioni katika kipindi cha masomo ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili wanafunzi wayasome tena darasani, polepole, wakisaidiwa na mwalimu wao.)

Natumaini nyote mmekwisha keti. Walio nyuma wasogee karibu na redio, na kila mtu aweke daftari na penseli mbele yake.

Katika somo lililopita niliwaomba kila mmoja wenu alete picha moja ya zamani. Je, mmezileta? Vema. Ziwekeni mezani, mbali na vikombe vya chai. Leo tutajifunza jinsi picha hizo zilivyotengenezwa, jinsi zinavyoharibika, na jinsi zinavyonakiliwa kwa mashine za siku hizi. Mwisho wa somo mtaona kwa nini jambo hili ni la darasa la kusoma na kuandika, wala si la wapiga picha peke yao.

Nitaanza na habari ya nyumbani kwetu.

Mama yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa msichana mzuri sana siku za ujana wake huko Tanga. Katika miaka ya 1960 mfanyabiashara mmoja wa nguo alimwita yeye na mwenzake wavae kanga mpya, wapigwe picha, ili wateja waone jinsi kanga zile zinavyopendeza mwilini. Mtu anayefanya kazi hiyo siku hizi huitwa mwanamitindo. Mwalimu, tafadhali liandike neno hilo ubaoni: mwanamitindo. Ni mtu anayevaa nguo ili watu waitazame nguo hiyo na kuipenda.

Mama mdogo hakujua neno hilo. Yeye alisema tu, “Nilipigwa picha za kanga.” Alipofariki, tulikuta chini ya kitanda chake bati la biskuti. Ndani yake mlikuwa na picha chache za karatasi, na vipande vya filamu vilivyofungwa ndani ya gazeti. Nikainua kipande kimoja nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona wanawake wawili wamesimama. Nyuso zao zilikuwa nyeusi mahali pa mwanga na nyeupe mahali pa kivuli. Mmoja nilimtambua kwa jinsi alivyoinamisha shingo: ni mama mdogo. Wa pili sikumjua.

Nikaigeuza picha ya karatasi nisome nyuma yake. Hapakuwa na neno hata moja. Mama mdogo hakujua kuandika, na sisi tuliojua kuandika hatukuwahi kumwuliza.

Haya, sasa tujifunze. Kipande kile cha filamu ni kitu gani?

Zamani, kabla ya simu na kamera za siku hizi, kamera ilitiwa filamu. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa utando mwembamba. Ndani ya utando huo mna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Fedha hii ni ile ile ya kutengenezea pete na bangili. Mpiga picha anapobonyeza kamera, mwanga huingia na kuzigusa chembe hizo. Kisha filamu hutiwa dawa katika chumba cha giza. Mahali palipopigwa na mwanga mwingi hugeuka pakawa peusi, na mahali pa kivuli hubaki peupe. Ndiyo maana kanzu nyeupe huonekana nyeusi katika filamu, na nywele nyeusi huonekana nyeupe. Filamu ya namna hiyo huitwa negativu. Kutoka kwa negativu moja mpiga picha aliweza kutoa picha za karatasi nyingi kadiri apendavyo. Kwa hiyo negativu ni mama, na picha za karatasi ni watoto wake.

Sasa hesabu kidogo. Filamu ya kawaida ilitoa picha 36. Mpiga picha wa mitindo alipiga zote 36, kisha mwenye jarida akachagua moja tu kwa jalada lake. Je, zilibaki ngapi? Ndiyo, zilibaki 35. Hizo 35 zilirudishwa sandukuni, na huenda hakuna aliyezitazama tena. Lakini mara nyingi katika hizo zilizobaki ndimo utakamomwona mtu mwenyewe: anacheka, anafunga kiatu, anamwuliza mpiga picha kama bado kazi inaendelea. Kwa sababu hiyo mtu akifungua sanduku la negativu baada ya miaka 50, anaweza kuona mambo ambayo hata wasomaji wa jarida lile hawakuyaona.

Sasa nitawapa habari za mpiga picha mmoja Mwafrika ambaye masanduku yake yalifunguliwa tena.

Jina lake ni James Barnor. Alizaliwa mjini Accra, Ghana, mwaka 1929. Katika miaka ya 1950 alikuwa na studio katika mtaa wa Jamestown, akaiita Ever Young, maana yake “kijana daima.” Mwezi wa Desemba mwaka 1959 alikwenda Uingereza kujiendeleza katika kazi yake. Huko London alipiga picha kwa ajili ya jarida liitwalo Drum. Jarida hilo lilianza Afrika Kusini mwaka 1951, na baadaye likawa na matoleo ya Afrika Magharibi na ya Afrika Mashariki.

Drum lilipenda kuweka wasichana Waafrika juu ya jalada lake. Katika majarida makubwa ya Ulaya jambo hilo lilikuwa la nadra mno. Vogue la Uingereza lilimweka mwanamitindo mweusi juu ya jalada kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi mwaka 1966. Mwanamitindo huyo alikuwa Mmarekani, Donyale Luna. Mwaka huo huo wa 1966, Barnor alikuwa akizunguka London na kamera yake, akiwapiga picha wasichana wa Drum mitaani, kati ya magari na watu. Mmoja wao alikuwa Erlin Ibreck. Barnor alimpiga picha katika uwanja wa Trafalgar Square, penye njiwa wengi.

Baadaye Barnor alirudi Ghana, akasaidia kuanzisha kazi ya kusafisha picha za rangi nchini kwake. Mwaka 1994 alikwenda tena kukaa London. Watu wengi hawakujua kwamba mzee huyo alikuwa na hazina ndani ya masanduku yake. Kisha shirika la London liitwalo Autograph likashirikiana naye, negativu zake zikanakiliwa kwa mashine, na mwaka 2010 picha zake zikaonyeshwa mjini humo. Mwaka 2021 yakafanywa maonyesho makubwa zaidi katika jumba la Serpentine, London. Mzee Barnor alikuwa amekwisha timiza miaka 90, akazishuhudia kazi za ujana wake zikiheshimiwa.

Angalieni jambo moja. Chini ya picha ile ya njiwa pameandikwa jina la msichana, mahali, na mwaka: Erlin Ibreck, Trafalgar Square, London, 1966. Maneno hayo machache yamebaki kwa sababu mwenye kujua alikuwapo, akaulizwa, na jibu lake likaandikwa.

Sasa turudi kwenye bati la biskuti. Nilitaka kuzinakili negativu za mama mdogo. Kazi hiyo huitwa kuskani, na mashine yake huitwa skana. Skana huisoma picha kidogo kidogo, mstari kwa mstari, kama ninyi mnavyosoma ukurasa. Kila nukta ndogo huigeuza ikawa namba, na namba hizo hutunzwa ndani ya kompyuta. Negativu ya kawaida ni ndogo, milimita 36 kwa 24. Skana ikisoma nukta 3,000 katika kila inchi, itapata katika kipande hicho kidogo nukta milioni 12 hivi. Hapo waweza kuikuza picha mpaka ukaona kifungo cha shati.

Lakini angalieni: si kila skana inaweza kazi hii. Skana ya kawaida ya steshenari humulika karatasi kwa mbele. Negativu yataka mwanga upite ndani yake kutoka nyuma. Basi ukienda dukani, uliza kwanza, “Je, mashine yenu inaweza kuskani negativu?” Wasipokuwa nayo, mtu mwenye simu nzuri anaweza kuiweka negativu mbele ya karatasi nyeupe nyembamba inayopitisha mwanga, akaipiga picha kwa karibu, kisha akageuza rangi kwa programu ya simu, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Haitakuwa safi kama ya skana, lakini ni afadhali kuliko kukosa.

Nilipata mtu mwenye skana inayofaa. Kabla ya kuanza tuliondoa vumbi kwa brashi laini. Hatukufuta kwa kitambaa cha maji, wala hatukugusa katikati ya filamu kwa vidole, kwa sababu jasho la vidole huacha alama. Tulishika pembeni tu. Kisha picha ikatokea katika kioo cha kompyuta.

Tukaikuza. Ile kanga aliyovaa mama mdogo ilikuwa na maandishi penye pindo, kama kanga nyingi. Nikajaribu kuyasoma, nisiweze. Herufi zilikuwa nyuma mbele! Yule bwana akacheka akasema, “Tumeilaza filamu upande usio wake.” Filamu ina upande unaong’aa na upande uliofifia. Usipoangalia, mkono wa kulia utakuwa wa kushoto, na kwa uso wa mtu peke yake huenda usitambue kosa. Maandishi ndiyo yaliyotuonya. Tukaigeuza, tukaskani tena. Sasa maneno yakasomeka: WEMA HAUOZI.

Wanafunzi wangu, nilitazama maneno yale kwa muda mrefu. Mama mdogo aliyavaa kiunoni asijue kuyasoma mwenyewe, mpaka mwingine amsomee.

Na yule mwanamke wa pili? Nilipata picha yake safi, ninaona hata shanga za shingoni mwake. Nikaichukua picha hiyo Tanga, nikaenda nayo nyumba kwa nyumba katika mtaa wa zamani. Bibi mmoja mzee sana aliitazama, akaisogeza karibu na macho, akaniambia, “Mwanangu, huyu namjua. Tulichota naye maji bomba moja. Lakini jina limenitoka.” Nikangoja. Akafumba macho, akajaribu tena. Halikuja. Mpaka leo sijalipata.

Mashine ilinipa nukta milioni 12, lakini haikunipa jina. Laiti ningalimwuliza mama mdogo siku moja tu tulipokuwa tumekaa barazani, na kuandika jibu lake kwa penseli, kazi ingalikwisha kwa dakika moja.

Msidhani kwamba jambo hili huwapata watu wadogo tu. Huko Bamako, nchi ya Mali, alikuwapo mpiga picha hodari jina lake Seydou Keïta. Alifungua studio yake mwaka 1948. Watu walimwendea wamevaa nguo zao nzuri kabisa, naye alikuwa na saa, redio, hata pikipiki, ili anayetaka apigwe navyo. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, Marekani. Watu walizisifu sana, lakini jina la mpiga picha halikuwapo. Iliandikwa kwamba hajulikani. Naye alikuwa hai Bamako! Mfaransa mmoja, André Magnin, alifunga safari kwenda kumtafuta, akamkuta. Jina la Keïta likarudishwa, akapata heshima yake kabla ya kufariki mwaka 2001. Lakini wengi wa wale waliokaa mbele ya kamera yake hawana majina mpaka leo. Twaona kofia zao, pete zao, na macho yao. Hatujui tuwaite nani.

Tena tusikawie, kwa kuwa filamu yenyewe haingoji. Filamu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa plastiki iitwayo asetati. Joto na unyevu vikizidi, plastiki hiyo huanza kuoza. Dalili yake ni harufu kama ya siki. Ukifungua bati ukasikia harufu ya siki, jua kwamba kuoza kumeanza, na mvuke wake huziambukiza filamu nyingine zilizo karibu. Filamu iliyooza haiponi. Itenge na wenzake, uiskani mapema. Picha za rangi nazo zina adui mwingine: rangi zake hufifia, hasa zikiwekwa mahali penye mwanga na joto.

Basi shikeni mambo haya matano. Mwalimu atayaandika ubaoni, nanyi mtayanakili.

La kwanza. Tunza picha na negativu mahali pakavu, penye baridi kidogo. Usiziweke darini chini ya bati la moto, wala karibu na jiko, wala sakafuni panapoingia maji ya mvua.

La pili. Tia kila kipande cha negativu katika bahasha ya karatasi safi. Usizifunge kwa mpira, kwa kuwa mpira huyeyuka na kunata.

La tatu. Usitupe negativu kwa sababu imekwisha skaniwa. Kompyuta huharibika, na simu hupotea. Na nakala za kompyuta zisiwe mahali pamoja tu. Weka moja kwako na nyingine kwa ndugu yako anayekaa mbali.

La nne. Kabla ya kuwaonyesha watu picha ya mtu, mwombe ruhusa akiwa hai. Msichana aliyevaa gauni fupi mwaka 1968 leo ni bibi mwenye wajukuu. Huenda akafurahi mno kujiona tena. Huenda pia asipende picha ile itembee katika simu za watu. Uso ni wake, na neno la mwisho ni lake. Tena ukienda kumwomba ruhusa, ndipo utakapopata habari zote: gauni lilishonwa na nani, alilipwa nini, mwenzake aliyesimama kando alikuwa nani.

La tano, nalo ndilo kubwa. Andika nyuma ya picha.

Haya, tufanye kazi hiyo sasa hivi. Chukueni picha mliyoileta. Ilazeni kifudifudi juu ya meza ngumu, safi. Chukueni penseli laini, wala si kalamu ya wino. Wino huweza kupenya mpaka upande wa pili au kuchafua picha iliyo chini yake. Msikandamize sana, maana alama itatokeza mbele usoni mwa mtu. Andikeni karibu na ukingo, kwa herufi ndogo:

Jina la kila aliyemo, kuanzia kushoto.
Mahali ilipopigwa.
Mwaka. Kama hamna hakika ya mwaka, andikeni “mwaka 1965 hivi.”
Jina la aliyeipiga, kama lajulikana.

Asiyejua jina la mtu aliyemo asibuni. Aache nafasi, na leo jioni aende kwa mzee anayejua, akamwulize. Asiseme kesho. Mzee akisema, nawe uandike pale pale mbele yake, kisha umsomee ulichoandika, naye akusahihishe.

Wengine wenu mliniambia kwamba mmeanza kusoma mkiwa mmechelewa. Mwanamke mmoja aliniuliza, “Mimi mwenye miaka 60, kuandika kutanifaa nini?” Leo namjibu. Mama, wewe ndiwe unayejua majina ya waliomo katika picha za nyumbani kwako. Watoto wako wana simu na skana, lakini majina hawana. Ukiandika maneno manne nyuma ya picha moja, umefanya kazi ambayo hakuna fundi wala mashine atakayeifanya baada yako.

Mimi nami nimeandika nyuma ya picha ya mama mdogo. Upande wa kushoto nimeandika jina lake. Upande wa kulia nimeacha mstari mtupu. Kama yuko mtu wa Tanga anayekumbuka wanawake wawili waliopigwa picha za kanga, mmoja amevaa kanga ya WEMA HAUOZI, naomba amwambie mwalimu wa darasa lake. Penseli yangu iko tayari.

Hapa ndipo mwisho wa somo la leo. Kwaherini, mabibi na mabwana, na kazi njema.

Maswali ya kujibu darasani

1. Negativu ni nini? Kwa nini nywele nyeusi huonekana nyeupe ndani yake?
2. Filamu moja ilikuwa na picha 36. Jarida lilichagua 1. Zilibaki ngapi?
3. Harufu ya siki katika bati la filamu yaonyesha nini? Ufanye nini?
4. Kwa nini si vizuri kuandika nyuma ya picha kwa wino?
5. Mzungumzaji alijuaje kwamba filamu imelazwa upande usio wake?
6. Andika mistari minne juu ya picha uliyoileta: nani, wapi, lini, na aliyeipiga. Msomee mwenzako.